Kabla ya kuchora mti wa ukoo, maliza kwanza hofu ya kihamba

Mara ya kwanza nilipokwenda Kibosho, kwetu Kilimanjaro, na daftari, ilikuwa wiki ya Krismasi, kila mtu amerudi nyumbani. Nilianzia kwa baba mkubwa. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, akaniuliza, "Majina ya wazee unayaandikia nini? Nani amekutuma?" Nikamwambia tumeanzisha kikundi cha kuandika historia ya ukoo. Akanyamaza. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, tukanywa, tukaongea bei ya kahawa na mvua, nikarudi na ukurasa mtupu.

Binamu yangu ndiye aliyenifumbua macho. Mwaka ule nyumba mbili za ukoo wetu zilikuwa zinagombania mpaka wa kihamba, yaani shamba la urithi la migomba na kahawa, halafu mimi natokea Dar es Salaam na kalamu, nauliza nani alimzaa nani na nani alizikwa wapi. Kwetu watu huzikwa kihambani. Ukiuliza kaburi la babu liko upande gani wa sale, mmea tunaoupanda mpakani, umeuliza shamba ni la nani, hata kama hukukusudia.

Kwa hiyo ukitaka kuanzisha kikundi kama chetu, anza na hilo kabla hujanunua hata kalamu. Sisi tuliandika katiba ya kurasa mbili, na kipengele cha kwanza kinasema kumbukumbu za kikundi hazitatolewa kwa mtu yeyote kwa ajili ya shauri la ardhi, liwe kwenye baraza la kata au mahakamani. Ikasomwa kwa Kikibosho mbele ya nyumba zote mbili zilizokuwa zinagombana. Daftari tukalikabidhi kwa watu watatu wa nyumba tofauti, wasio na kesi na mtu. Bila hivyo tusingekwenda popote. Wazee wangetupa mbege na habari za mvua tu.

La pili ni uanachama, na hapa tulikosea wenyewe. Tuliandikisha wanaume, kwa sababu ndivyo vikao vya ukoo vilivyozoeleka. Miezi kadhaa tukawa tunazunguka kwenye majina yaleyale sita. Siku moja shangazi, aliyeolewa Machame zaidi ya miaka hamsini iliyopita, akaja msibani, akasikia tunabishana kuhusu mke wa pili wa babu mzaa babu. Akacheka. Akataja wake wote watatu, walikotoka, na watoto waliofariki wadogo ambao hakuna mwanaume aliyewahi kuwataja. Binti anayeolewa mbali huondoka na kumbukumbu za nyumbani zikiwa nzima, kwa kuwa hakuna anayezibadilisha kila siku kwa maslahi ya shamba. Siku hizi mwanachama ni yeyote aliyezaliwa, kuolewa au kulelewa katika ukoo. Ada ni shilingi elfu kumi kwa mwaka: nauli ya kuwafuata wazee, daftari, na sukari ya kupeleka. Usiende kwa mzee mikono mitupu.

Halafu kuna mtego wa michango. Ndani ya mwaka mmoja kundi letu la WhatsApp lilijaa rambirambi, harusi na hospitali, na sauti za wazee tulizokuwa tumerekodi zikazama humo, nyingine hazikupatikana tena. Misiba ni wajibu, sikatai. Ifungulieni kundi lake na mweka hazina wake. Sauti za wazee zihifadhiwe mahali pengine, angalau nakala tatu kwa watu watatu, kila moja ikiwa na jina la msemaji na tarehe.

Sasa kazi yenyewe. Usimuulize bibi wa miaka tisini alizaliwa mwaka gani. Atakutajia ule ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki, ambao karani aliukisia. Muulize kulikuwa na nini. Kibosho tuna vigingi vizuri vya kufungia kamba: Wajerumani walipompiga Mangi Sina, yaani chifu wetu, 1891, Mangi Meli wa Moshi na Mangi Molelia wetu waliponyongwa, Machi 1900, vita vya 1914, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilipoanzishwa, 1933, vijana walipopelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili, Mwenge wa Uhuru ulipopandishwa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, Desemba 1961. Ukisikia "mama alikuwa anamnyonyesha kaka yangu vijana walipochukuliwa Burma", umepata tarehe nzuri kuliko ya kadi.

Baada ya hapo nenda parokiani. Misheni ya Kibosho ni ya mwaka 1893, na vitabu vya kale vya ubatizo vilijazwa Kilatini. Kisikutishe: filius ni mtoto wa kiume, filia wa kike, patrinus ni msimamizi wa ubatizo. Pembeni mwa ukurasa hapo ndipo penye dhahabu, maana mapadre huandika humo mbatizwa alifunga ndoa wapi na nani. Shangazi mmoja tuliyedhani alipotea tulimpata kwa mstari mmoja wa pembeni. Peleka barua kwa paroko mapema, na usiende wiki ya Krismasi, hana nafasi.

Jihadhari na majina. Kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti vivyo hivyo kwa bibi zao. Majina yanarudi kila baada ya kizazi kimoja. Kwenye mchoro wetu wa kwanza tulikuwa na mzee aliyeishi miaka 130, amepigana na Wajerumani na amelima kahawa ya KNCU. Tulimshangilia hadi shangazi yuleyule akauliza, "Huyu alikufa mara ngapi?" Walikuwa babu na mjukuu. Tangu hapo kila jina linaandikwa na jina la baba, la mama, na kihamba alichozaliwa.

Baba mkubwa alichukua miaka miwili. Kesi ya mpaka ilikwisha, daftari letu halikutajwa hata mara moja, naye aliliona hilo. Jumapili moja simu ikaita.

"Mwanangu, kile kidaftari bado kipo?"

"Shikamoo baba. Kipo."

"Marahaba. Njoo nacho. Kuna mtu hamkumwandika, mdogo wake babu yako, yule aliyekwenda Burma."

Nilipofika alikuwa ameshakaa nje, kiti cha pili kiko tayari. Mbege ilisubiri hadi tulipomaliza.