Kiimbe Hicho Kireno

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, na ile picha uliyovaa makoti mawili imemchekesha bibi yako mpaka akapaliwa na chai. Sisi hatujambo. Joto la Machi limetukaba, stima inakatika jioni, mengine ni yaleyale.

Unasema bendi ya jazi uliyojiunga nayo huko Toronto inapiga zaidi nyimbo za Brazil, na usiku mmoja utatakiwa uimbe Kireno, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Kireno hujui hata neno moja. Unaniuliza, je, huko si kuwahadaa watu? Kisha kwa ujanja wako ukanikumbusha kwamba mimi nililipwa mshahara kwa kazi hiyohiyo.

Kweli nililipwa. Miaka ya 1980 kwenye bendi za hoteli hapa pwani ukiwaona Wajerumani wanaimbiwa Kijerumani, wakija Wataliano unageuza. Siku moja kiongozi wetu akaleta kaseti ya bosa nova, muziki wa Brazil ulio mpole. Nikakaa nayo jikoni, nabonyeza, narudisha nyuma, naandika nilichosikia kwa herufi zetu kwenye daftari la hesabu. Juu ya ukurasa wa kwanza niliandika: Shega ji saudaji. Nikadhani Shega ni jina la msichana. Basi wimbo wote nauimba kwa tabasamu, kama ninayemwita Shega aje tule.

Wiki ya tatu hivi, mzee mmoja mgeni kutoka Rio akaniita mezani kwake. Kiingereza chake cha kuokoteza, changu pia. Akanieleza kuwa "chega" ni "imetosha", na "saudade" ni ile hamu inayokukaa rohoni kwa mtu aliye mbali. "Nawe unachekelea," akasema. Wimbo ule unaanza kwa huzuni, halafu katikati muziki unageuka, unachangamka: mpenzi akirudi atapata mabusu mengi kuliko samaki waliomo baharini. Na mimi hapo kwenye mabusu ndipo nilipokuwa nakunja uso, kwa kuogopa kukosea sauti zinapobadilika!

Kisha akagonga meza akisema, "Mesa." Nikacheka. Meza, leso, bendera, gereza: hao Wareno waliokuja kujenga Fort Jesus mwaka 1593 walituachia maneno, tukayala mpaka tukasahau yalikotoka. Kwa hiyo usiniambie hujui hata neno moja.

Wimbo wenyewe, "Chega de Saudade", ni wa Jobim aliyetunga muziki na Vinicius de Moraes aliyetunga maneno, na João Gilberto, mwimbaji na mpiga gitaa, aliurekodi mwaka 1958. Miaka mitano baadaye alikuwa New York na Stan Getz, mpiga saksafoni, wakirekodi ule wa msichana wa Ipanema, ufukwe wa huko Rio. João akaimba Kireno. Akatafutwa wa kuimba Kiingereza, akaimba mkewe Astrud, ambaye uimbaji haukuwa kazi yake. Kiingereza chake kina Brazil tele ndani yake, na dunia nzima ikakipenda hivyohivyo. Miriam Makeba naye alituimbia Malaika kwa lafudhi ya kwao kusini, nani alimkataa? Huyohuyo aliimba Mas que nada kwa Kireno, na kwa miaka kadhaa Sivuca wa Brazil alikuwa akimpigia gitaa. Hilo "mas que nada", mwanangu, ukilitia Kiswahili ni "Wapi!" vile anavyosema shangazi yako akiambiwa bei ya nyanya.

Lafudhi basi isikutie hofu. Kuwahadaa watu ni kuimba kama nilivyomwimba Shega. Tafuta Mbrazili hapo mjini, mnunulie kahawa, akusomee maneno. Asikuimbie, akusomee. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho. Wao neno kama "coração" mkazo unaangukia mwishoni kabisa, tena puani. Ukiukosea mkazo, unampotosha na mpiga ngoma.

Na usipaze sauti. Msikilize João: dole gumba linashika besi bila kuyumba, vidole vingine vinadonoa katikati ya mapigo, naye anaimba kama anayemsemesha mtu aliye karibu, mara atangulie, mara achelewe. Sauti hiyo ya taarabu uliyorithi kwa bibi yako iweke akiba.

Zamu ya Kiswahili ikifika, wasomee wenzako wa bendi maneno na maana yake kabla hawajagusa chombo. Wakikwambia wimbo ni mtamu na maana haina haja, waambie "mas que nada".

Daftari bado ninalo, mende wamekula jalada tu. Nitampa kaka yako aupige picha ukurasa wa Shega akutumie. Usimwoneshe baba yako. Ndiye aliyekuwa kwenye besi, na mpaka leo anaamini Shega alikuwa mtu.

Mamako