Maswali ya Wasomaji: Mita au Sikio?

SWALI: Nina amplifaya mbili, moja nzito ya zamani, nyingine ndogo ya kisasa. Fundi kazipima, anasema zote safi na sitasikia tofauti. Mimi nasikia ile nzito ina besi nene. Nani anakosea? Msomaji, Kanyenye, Tabora.

JIBU: Huenda hakuna. Muziki uleule ukizidi nusu desibeli tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio haliuiti mkubwa. Linauita mnene, au wenye uhai. Kwanza sawazisha sauti. Vitasa vya besi na trebo viwe katikati, na kitufe kilichoandikwa LOUDNESS kizimwe, maana kazi yake ni kuinua besi (mara nyingi ugomvi huishia hapa). Cheza mlio mmoja wa besi, wa hezi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde). Mita nyingi za umeme (multimeter) za bei nafuu hudanganya kwenye milio ya juu. Weka mita kwenye volti za AC, upime penye nyaya za spika, spika ikiwa imeunganishwa. Ya kwanza ikisoma 2.00, ya pili iwe kati ya 1.98 na 2.02. Weka alama kwenye kitasa.

Sasa funika zote kwa kitenge. Msaidizi arushe sarafu kuchagua ipi icheze, mara 16, nawe uandike unachosikia. Ukipatia 12 au zaidi, una hoja: kwa kubahatisha mtu hufika hapo chini ya mara 4 katika 100. Ukiishia 8 au 9, fundi kashinda. Kila mnapohamisha nyaya zimeni kwanza, na amplifaya mbili zisiguse spika moja kwa wakati mmoja, zitaungua.

Ukishinda wewe, mrudishie fundi swali: alipima kwa rezista (kipande chenye ukinzani wa umeme usiobadilika) ya omu 8 au kwa spika yenyewe? Ukinzani wa spika ya omu 8 hubadilika kila mlio unapobadilika, na huweza kushuka chini ya omu 5. Hapo ndipo amplifaya dhaifu huumbuka, na rezista haitakuonyesha.

SWALI: Spika ziko mita 10 kutoka kwenye amplifaya. Ninunue waya wa bei mbaya? Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Hapana. Shaba ya milimita 2.5 za mraba, kwenda na kurudi, ni kama omu 0.14, spika ya omu 8 inapoteza desibeli 0.15. Ule mwembamba wa 0.5 unapoteza karibu 0.7, na huo utausikia. Ila kwangua ncha kwa kisu kabla ya kulipa: ikitokea nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba.