Muulize Fundi: Taa za trela zinazocheza zenyewe

*Assalaam alaykum, fundi. Nina trela ya kubebea boti la faiba, naivuta kwa pikapu kutoka Mayungu hadi Malindi mjini na kurudi. Tangu kusi ianze, nikikanyaga breki taa za breki za trela zinawaka kwa unyonge, na taa ya namba inawaka ilhali sijawasha taa. Nikiweka indiketa ya kushoto, na ya kulia inapepesa. Fundi wa kwanza kabadilisha balbu zote. Wa pili kasema plagi ni mbovu, nikanunua mpya. Hali ni ile ile.*
*Nahodha, Mayungu*

Wa alaykumu salaam, nahodha. Usinunue kitu kingine kwanza. Mimi si mtu wa kamari, lakini kwa ugonjwa huu ningeshawishika: tatizo lako ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Umeme unaoingia kwenye taa ya trela lazima urudi kwenye betri ya gari. Wakati wa kwenda una njia nyingi, kila taa na waya wake. Wakati wa kurudi unategemea njia moja, ule waya mweupe wa pini namba 3 ya plagi. Piga hesabu ya usiku umekanyaga breki na indiketa imewaka: balbu mbili za breki za wati 21, indiketa moja ya wati 21, taa mbili za nyuma za wati 5. Hizo ni wati 73, karibu ampea 6 kwa betri ya volti 12, na zote zinapita kwenye kipini kimoja.

Sasa fungua kioo cha taa ya nyuma, uitoe balbu uitazame kwenye mwanga. Aghalabu utakuta nyuzi mbili ndani, mmoja mnene wa breki na mmoja mwembamba wa taa ya usiku, na zote mbili zinatumia athi moja kwenye ganda la balbu. Athi hiyo ikikatika, umeme wa breki ukishapita uzi mnene hauna pa kutokea. Basi unageuka, unapita uzi mwembamba kinyumenyume, unaingia kwenye waya wa taa za usiku na kwenda kutafuta athi kwingine, hata kwenye taa za pikapu yenyewe. Ndiyo maana taa ya namba inawaka hujaiwasha, na kila kitu kina mwanga wa kibatari. Balbu mpya haziwezi kutibu hilo, wala plagi mpya.

Kuhakikisha, chukua waya mrefu. Ncha moja ibane kwenye hasi ya betri, nyingine iguse chuma cha trela mahali ulipokwangua rangi, huku mwenzio amekanyaga breki. Taa zikitulia, jawabu umelipata. Zisipotulia, gusisha ncha hiyo kwenye athi ya taa yenyewe, maana huenda ni taa ndiyo iliyoachana na chuma. Mwenye mita apime volti kati ya athi ya taa na hasi ya betri, taa zikiwa zimewaka. Ukisoma zaidi ya nusu volti, kuna mahali umeme unakwama.

Mahali penyewe napajua kabla sijaiona trela yako. Waliozitengeneza nyingi waliufunga waya mweupe kwa bolti moja mbele, karibu na mkono wa trela, kisha wakaacha chuma chote kifanye kazi ya waya. Fungua bolti hiyo. Chini ya washa, kile kipete bapa cha bolti, utakuta unga wa kijani na kutu, kwa sababu trela hii inaoga bahari kila ukishusha boti. Unaweza kupiga msasa na kukaza upya, na itakaa sawa mpaka kusi nyingine. Mimi nisingefanya hivyo. Ningepitisha waya mweupe kutoka kwenye plagi mpaka kwenye kila taa, wa milimita mraba 2.5, ilhali nyaya nyingine 1.5 inatosha. Tafuta waya wa shaba iliyopakwa bati, ule wa boti, maana shaba tupu huliwa na chumvi ikiwa ndani ya ganda lake na hutaona kitu kwa nje. Maungio yawe ya kulehemu au ya kubana kwa koleo lake, juu yake mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kusokota na kuzungushia tepu nyeusi ni kuyafungia maji ya chumvi humo humo.

Wako watakaokwambia athi inapita kwenye ule mpira wa chuma wa kuvutia. Hupita, siku ambazo ni mkavu na hauna grisi. Na sote tunautia grisi.

Jambo jingine: chomoa plagi kabla ya kuirudisha trela majini. Unateremka umekanyaga breki, balbu zinapata moto, zikizama vioo vinapasuka. Na waya ukiwa na umeme ndani ya maji ya chumvi, shaba inaliwa upesi zaidi. Ukitoka, suuza soketi na plagi kwa maji matamu, kausha, pakaa mafuta ya mgando kidogo.

*Fundi, nimepata trela iliyotoka Marekani, iko Mokowe. Ina plagi bapa ya nyaya nne. Pikapu yangu ni ya Kijapani, soketi yake ya duara ya pini 7. Kijana mmoja ameunganisha rangi kwa rangi. Indiketa zinafanya kazi, breki hazionekani kabisa.*
*Mvuvi, Mokowe*

Kijana hakukosea rangi, rangi ndizo zinazosema mambo mawili. Soketi ya duara kwa mpangilio wa Ulaya, ambao ndio ninaoukuta zaidi hapa Malindi, ina pini 1 ya njano kwa indiketa ya kushoto, 2 buluu kwa taa ya ukungu, 3 nyeupe athi, 4 kijani indiketa ya kulia, 5 kahawia taa ya usiku ya kulia, 6 nyekundu breki, na 7 nyeusi taa ya usiku ya kushoto. Plagi bapa ya Kimarekani ina nyeupe athi, kahawia taa zote za usiku, njano kushoto, kijani kulia. Nyekundu huioni kwa sababu haipo: kwao uzi ule ule wa balbu ndio breki na ndio indiketa.

Kuna kisanduku cha kubadilisha kinachopokea nyaya tatu za gari, kushoto, kulia na breki, kikatoa mbili za trela. Kinafanya kazi. Lakini kwa trela itakayozamishwa, na kutoka Mokowe hadi Malindi kupitia Witu na Garsen ni safari ndefu ya kuharibikiwa, ningeng'oa taa zile na kufunga jozi yenye indiketa ya rangi ya chungwa mbali na breki. Unaongeza waya mmoja mwekundu, basi.

Mwenye trela kubwa ya Kimarekani yenye plagi ya duara ya njia 7 awe mwangalifu zaidi. Waya wake wa buluu ni wa breki za umeme, si taa ya ukungu. Mweusi wake ni wa umeme wa betri moja kwa moja, si taa ya usiku. Hapo weka testa kwenye kila pini, mtu akikanyaga na kuwasha kimoja kimoja, uandike kwenye karatasi ndipo ukate waya.

*Je, trela ya boti nifunge breki za umeme?*
*Msomaji, Watamu*

Kwa inayoingia baharini, hapana. Ndani ya ngoma ya breki, kwenye gurudumu, kuna sumaku ya umeme, na chumvi itaimaliza. Isitoshe gari litahitaji kidhibiti chake ndani. Chukua breki ya kusukumwa: gari likipunguza mwendo, trela inajisukuma mbele, mkono unaingia ndani na kuvuta nyaya za breki, bila umeme wowote. Suuza ngoma kwa maji matamu kila ukitoka majini. Na ile kebo nyembamba ya chuma inayovuta handibreki trela ikichomoka, ifunge kwenye chesi ya gari, usiizungushe tu kwenye mpira wa kuvutia, maana mpira ukiachia nayo itatoka.