Barua kwa mwanangu: pointi za likizo ziwe ngapi?

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Swali lako nimelielewa. Mna pointi 200 kwa mwaka kwenye taimushea yenu, ile ya kumiliki zamu ya nyumba ya likizo, ambapo kila usiku mnaulipia kwa pointi. Sasa muuzaji anawaambia kwamba kwa kuwa mtoto wa tatu yuko njiani pointi hizo hazitawafikisha popote, mwongeze 200 nyingine kwa mkopo wa kampuni yao, na bei hiyo ni ya leo tu. Unataka kujua kiasi gani kinaitosha familia.

Mlizo nazo zinawatosha, na msiongeze. Hesabu yenyewe ni hii, na mumeo aione, maana najua yeye ndiye aliyeanza kulegea.

Tuanze na huyo mtoto. Pointi hutozwa kwa nyumba na kwa usiku, hazitozwi kwa kichwa. Nyumba ya vyumba viwili mnayochukua inalaza watu 6 kwa kawaida, nyingine hufika 8 kwa makochi yanayokunjuka kuwa vitanda. Mkiingia wanne au watano, pointi ni zilezile. Mtoto anaongeza kitanda, haongezi usiku. Angalia tu kwenye mkataba idadi ya juu ya wanaoruhusiwa kulala, na kama mtoto mchanga anahesabiwa. Mtakapofika watu 7, hapo ndipo mazungumzo mengine yataanza.

Kinachoamua kiasi ni usiku mnaolala likizoni kwa hakika. Chukueni kalenda za miaka mitatu iliyopita mhesabu usiku wote mliolala nje ya nyumbani kwenu. Toeni zile za kwa ndugu, za harusi, za misiba na za safari za kazi, kwa sababu hizo zitaendelea kuwepo hata mkimiliki pointi elfu. Zinazobaki ndizo zenu. Kisha msipige wastani. Chukueni mwaka ulio mdogo kuliko yote. Pointi zinunuliwe kwa kipimo cha mwaka mbovu, kwa sababu ada ya matengenezo inakuja kila mwaka, mbovu kwa mzuri, na mwaka mzuri una dawa yake ambayo nitaifikia. Muuzaji yeye atawauliza mngependa kwenda wapi, wala hatauliza mliweza kwenda mara ngapi.

Sasa lile jedwali la pointi ulilonitumia. Nyumba ya vyumba viwili, wiki nzima: msimu wa chini 170, wa kati 220, wa juu 300. Nyie mna wanafunzi, basi mnabanwa kwenye msimu wa juu, na muuzaji ameishika hiyo 300 kama ushahidi kwamba 200 hazitoshi. Lakini soma mstari wa chini yake. Usiku wa Jumapili hadi Alhamisi ni pointi 36 kila mmoja. Ijumaa na Jumamosi ni 60 kila mmoja. Yaani usiku mbili tu zinakula 120 kati ya 300. Mkiingia Jumapili mkatoka Ijumaa asubuhi, mmelala usiku tano kwa pointi 180, katikati ya msimu wa juu, na 20 zimebaki.

Mkitaka wiki nzima, chezeni na miaka. Mwaka wa kwanza azimeni pointi 100 za mwaka wa pili, mpate 300. Mwaka wa pili mnabaki na 100; ziwekeni akiba ziende mwaka wa tatu, zikutane na 200 za mwaka huo, mna 300 tena. Mmepata wiki mbili kamili za msimu wa juu ndani ya miaka mitatu, na mwaka wa katikati ndio wa kunyonyesha na kupumua. Mkibadili mawazo mwaka huo, zile 100 zinatosha usiku kadhaa za katikati ya wiki msimu wa chini, kabla mkubwa hajabanwa zaidi na shule.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo soma vizuri. Kuweka akiba kuna tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haihesabiwi kuanzia Januari bali kuanzia mwezi wenu wa matumizi, yaani mwezi ambao mwaka wenu wa pointi huanza, ulioandikwa kwenye mkataba. Disney Vacation Club, klabu ya taimushea ya kampuni ya Disney, kwa mfano, hukupa miezi 8 ya mwanzo ya mwaka wako wa matumizi. Ikipita, pointi za mwaka huo haziwekeki tena. Pointi zilizokwisha kuwekwa akiba mara moja huwa haziwekwi mara ya pili. Na zilizoazimwa, mkiahirisha safari, kwa kawaida hazirudi kwenye mwaka wake. Zinakaa mlikozileta na zinakufa huko. Azimeni pale tu nafasi inapoonekana wazi kwenye mfumo na mko tayari kuishika papo hapo.

Halafu kuna uhaba ambao pointi haziutibu. Najua mwaka jana mlikosa nafasi. Mliomba lini? Klabu nyingi hufungua dirisha la kuomba nafasi kwa wenye nyumba mahali husika kwanza, kisha kwa wengine. Kwa Disney ni miezi 11 kabla kwa kituo chako mwenyewe na miezi 7 kwa vituo vingine. Wiki za shule kufungwa huisha siku zilezile dirisha linapofunguka. Mwenye pointi 200 aliyeomba mapema analala kitandani, na mwenye 800 aliyeomba miezi mitatu kabla anabaki kwenye orodha ya kusubiri. Muuzaji akisema tatizo lenu ni pointi, mwulize dirisha la kuomba ni la miezi mingapi, mwone anavyohamisha mada.

Kuhusu fedha, wekeni jina la fedha yoyote mnayotaka, uwiano haubadiliki. Tuseme ada ya matengenezo ya pointi 200 ni 1,000 kwa mwaka. Mkilala usiku tano, kila usiku umewagharimu 200. Ongezeko analolitaka tuseme ni 12,000, kwa mkopo wa miaka 10 wenye riba ya asilimia 15. Rejesho ni karibu 194 kwa mwezi, na mtakapomaliza mtakuwa mmelipa kama 23,200, karibu mara mbili ya bei. Kwa mwaka ni takriban 2,320. Juu yake weka ada ya pili ya 1,000, kwa sababu ada hufuata pointi. Jumla ni 3,320 kwa mwaka ili mpate usiku tano zaidi: 664 kwa usiku, mahali palepale mnapolala leo kwa 200. Na hiyo ni kama mtazitumia. Mkizikosa mwaka mmoja, 3,320 imekwenda bure.

Ada nayo haisimami. Ikipanda asilimia 5 kwa mwaka, 1,000 inakuwa 1,629 baada ya miaka 10 na 2,653 baada ya miaka 20. Inalipia usafi, bima, kodi, mishahara, na mfuko wa matengenezo makubwa: paa, lifti, magodoro, mabomba. Mfuko huo ukiwa mwembamba na paa likavuja, wamiliki hutozwa mchango wa ziada, na mwenye pointi mara mbili hutozwa mara mbili. Tena wamiliki wengine wakiacha kulipa, pengo lao linagawanywa kwa mnaolipa. Kwa hiyo kabla hata ya kujadili bei, ombeni hesabu za miaka mitano za chama cha wamiliki, mwangalie vitu vitatu tu: kiasi kilichomo kwenye mfuko, sehemu ya wamiliki wenye madeni, na ada imepandaje mwaka hadi mwaka. Akikataa kutoa karatasi hizo, anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Dawa ya mwaka mzuri ni kukodi. Kila msimu kuna wamiliki wenye pointi zinazokaribia kuisha muda wanaozikodisha. Hata mkilipa mara mbili ya ada, yaani 400 kwa usiku, bado ni nafuu kuliko 664, na mwaka unaofuata hamdaiwi chochote. Hakikisheni uthibitisho wa nafasi umeandikwa jina lenu na mmekipigia simu kituo chenyewe kabla ya kumaliza malipo.

Kama nyumba yenu ni ya aina inayogawanyika kwa mlango wa kati, angalieni pia njia hii: upande mdogo mnautumia au mnaukodisha, upande mkubwa mnauweka kwenye mabadilishano, yaani mnaupa kampuni ya kubadilishana likizo ili mpate nafasi mahali pengine. Kati ya kampuni hizo, RCI iliyoanza 1974 na Interval International ya 1976 ndizo kubwa. Kila moja ina ada ya uanachama na ada ya kila badiliko, nazo ziingizwe kwenye hesabu ya usiku. Nguvu ya ulichoweka hupimwa kwa msimu, ukubwa wa nyumba na umekiweka mapema kiasi gani, basi wekeni mapema, msingoje miezi ya mwisho.

Ikitokea baadaye mmeamua kweli kuongeza, nunueni mkononi kwa mmiliki anayetoka. Bei mara nyingi huwa chini sana ya ile ya kampuni. Kabla ya kulipa, pateni barua ya chama kwamba hana deni la ada. Mjue haki zipi hazihamii kwa mnunuzi wa mkononi. Na mjue kama kampuni ina haki ya kununua kwanza, maana inaweza kuwapokonya dili dakika za mwisho. Na tazameni mkataba unaisha lini. Mingi ya zamani ya Disney inaisha 31 Januari 2042. Mingine haina mwisho, na ada yake huwafuata warithi. Huo usiokwisha mimi nisingeugusa.

Kwenye kile kikao cha mauzo watakachowaita, msitie saini. Mkishatia, kuna muda wa kubatilisha: nchi za Umoja wa Ulaya ni siku 14, jimbo la Florida ni siku 10, kwingine kuna sheria zao. Simu haitoshi, barua iende kwa anwani iliyoandikwa kwenye mkataba, kwa njia inayotoa risiti, na nakala mbaki nayo. Na mkitaka kutoka kabisa siku moja, anzeni kwa chama cha wamiliki wenyewe. Anayedai ada kwanza ili awatafutie mnunuzi, achaneni naye.

Nitumie ukurasa wa mkataba wenye mwezi wa matumizi, nikuandikie tarehe ya kuweka akiba na ya kuomba nafasi kwa miaka mitatu ijayo. Wasalimie wajukuu, na mwambie mumeo hiyo bei ya leo tu itakuwepo pia mwezi ujao.

Mama yako