Sukuma tunaipigania bei, kodi tunaipokea kimya

Ukipita soko la Kibuye Jumapili utawaona watu wa Kisumu wakipatana bei kwa ustadi. Mtu anageuza blauzi ya mtumba ndani nje, anaonyesha kifungo kilichopotea, anajifanya kuondoka, anaitwa, anarudi, na anaichukua kwa nusu ya bei aliyotajiwa. Nawapenda kwa hilo. Kinachoniuma ni kwamba mtu huyohuyo akiambiwa kodi ya nyumba imepanda kwa shilingi elfu moja kwa mwezi, hujibu "sawa" na kuanza kutafuta pesa. Sokoni ameokoa shilingi hamsini. Kwenye kodi amekubali kutoa elfu kumi na mbili zaidi kwa mwaka, bila hata kuuliza.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kondele, na ushauri wangu ni kwamba nguvu za kupatana tuzipeleke kwenye pesa kubwa: kodi, karo, madeni, na bei ya kazi zetu wenyewe. Mama mboga aliyepanga mafungu ya sukuma juu ya gunia, mwachie shilingi zake kumi. Muombe nyongeza, atakuwekea majani mawili matatu na mtaagana vizuri.

Mwishoni mwa Januari mwaka jana, msimamizi wa ploti alipita duka kwa duka akisema kodi itatoka 6,000 hadi 7,500 kuanzia Februari. Kabla ya kwenda kwa mwenye nyumba, niliwauliza wapangaji wa barabara ya nyuma wanalipa ngapi. Nikatafuta kwenye simu jumbe za M-Pesa za kodi niliyokwisha kulipa, nikaziandika kwa tarehe kwenye daftari. Na sheria niliijua. Kwa kodi za maduka Kenya ina sheria iitwayo Sura ya 301: kama huna mkataba wa maandishi, au ulio nao hauzidi miaka mitano, mwenye nyumba hawezi kupandisha kodi kwa neno la mdomo tu. Anapaswa kukupa notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili, na usipokubali unaweza kupeleka jambo hilo kwenye baraza linaloamua kesi za kodi za biashara.

Sheria hiyo nilikaa nayo moyoni. Ukimtajia mzee kesi kabla hujamjulia hali umeshamfanya adui, na bado utaendelea kukaa kwake.

"Mzee, habari za nyumbani? Nimekuja kwa ajili ya kodi. Mimi hulipa kabla ya tarehe tano, tazama." Nikampa daftari.

Akafunua kurasa. "Mama, siku hizi kila kitu kimepanda."

"Ni kweli, mzee. Mimi nitaweza 6,500, kuanzia Aprili, na lile bati linalovuja libadilishwe."

Kisha nikanyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu. Wanataja kiasi, wanaona mwenzao kimya, wanaingiwa na hofu na kuongeza wenyewe kabla hawajaombwa. Mwache afikirie. Mzee alikuna kidevu, akampigia msimamizi kumuuliza bati ni pesa ngapi, nikajua tumeelewana.

Jioni ileile nilimtumia ujumbe: "Asante mzee kwa mazungumzo ya leo. Tumekubaliana 6,500 kuanzia Aprili, na bati litabadilishwa kabla ya masika." Akajibu, "Sawa." Februari msimamizi alipokuja kudai 7,500 nilimwonyesha simu, akaenda zake duka la pili. Usiache makubaliano ya pesa yabaki hewani, hata na mtu mwema. Watu husahau.

Kuhusu madeni, tunasema dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli. Lakini ukiona hutafikisha, mwendee anayekudai kabla siku haijafika, ukiwa na kitu mkononi hata kiwe kidogo, na umtajie tarehe ya salio. Anayefuatwa na mdeni wake humsikiliza. Aliyezimiwa simu hasikilizi tena. Karo ni hivyohivyo. Shule nyingi za sekondari huigawa kwa mihula mitatu, asilimia 50:30:20, kwa hiyo muhula wa kwanza ndio mzito, tena unakuja Krismasi ikiwa imemaliza mifuko. Nenda kwa mhasibu wa shule kabla ya kufungua, upate barua ya kulipa kwa awamu. Usingoje ukiwa langoni, mtoto kando yako na sanduku lake.

Bei ya kazi yako nayo inataka utulivu uleule. Mteja akiniambia "fundi, punguza", namuuliza tupunguze nini kwenye kazi. Gauni la kitenge lenye bitana ni 1,800, bila bitana 1,500. Au aniachie kitambaa, nishone baada ya yunifomu za Januari kupungua, nimtolee mia mbili. Nikishusha bei na kazi ikabaki ileile, nimemfundisha kwamba bei yangu ya kwanza haikuwa ya kweli, na rafiki atakayemleta atakuja akilijua hilo. Wengi huishika ile bitana kwa vidole, wakafikiri kidogo, wakachagua gauni la 1,800. Nusu ya malipo naipokea kabla mkasi haujagusa kitambaa, na hilo sipatani na mtu, hata awe jamaa yangu.