Ulimi unawaka moto, kinywa hakina kidonda

Nina miaka 54. Ulimi unaniwaka kama nimelamba pilipili. Asubuhi nafuu, jioni ndiyo mateso. Nimepimwa mara tatu naambiwa sina kitu. Daktari, naumwa kweli?

Unaumwa kweli, mama, na asikwambie mtu kwamba unajitia. Huu unafanana sana na ugonjwa wa kinywa kuwaka moto. Ncha ya ulimi, midomo na kaakaa huunguza kila siku kwa zaidi ya miezi 3, na kinywani hakuonekani jeraha. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Hitilafu huwa kwenye mishipa midogo ya fahamu ya maumivu na ladha, ndiyo maana wengine husikia uchungu au ladha ya chuma. Mwenye kidonda akila huungua. Wagonjwa wengi wa aina hii wakila hupata nafuu. Mama mmoja niliyemtibu hakuachana na chupa ya maji ya barafu mkobani, na kwa miaka miwili alipewa dawa za fangasi tu. Iliniuma.

Nina kisukari na presha. Natumia metformini na enalaprili. Zinahusika?

Huenda. Metformini ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12, na upungufu wake huunguza ulimi. Enalaprili na ndugu zake nazo zimewahi kuleta hali hii kwa baadhi ya watu. Usiziache mwenyewe! Nenda na paketi zako kwa daktari, umwombe apime wingi wa damu, madini ya chuma, B12, foleti (vitamini B9), sukari na tezi ya shingo. Aangalie pia fangasi, na meno ya bandia kama unayo.

Jirani ameniambia nisugue ulimi kwa chumvi na ndimu.

Hapana, dada, utajichubua bure. Nyonya barafu, kunywa maji kidogo kidogo. Badili dawa ya meno yenye mnanaa mkali, acha dawa ya kusukutua yenye alkoholi, na ugoro pia.

Je, ni saratani?

Hapana, wala haigeuki kuwa saratani. Ila kidonda kisichopona kwa wiki 3 kionwe.

Itapona?

Chanzo kikipatikana, kitibiwe. Kisipopatikana, ipo klonazepamu, dawa ya kutuliza mishipa ya fahamu: kidonge hunyonywa dakika 3 kisha mate hutemwa. Ni kwa cheti cha daktari tu, maana hulewesha usingizi na huzoeleka. Mazungumzo na mwanasaikolojia nayo husaidia, kwa sababu maumivu ya kila siku huchosha moyo. Nafuu huja taratibu, kwa miezi.