Nani analituma jicho?

*Nikimtazama mtu usoni nahisi macho yangu yanarukaruka. Ni maradhi? (Msomaji, Wete)*

Si maradhi. Nyoosha mkono, tazama ukucha wa dole gumba. Unachokiona kwa ukali ni kiasi hicho tu, kilichobaki ni ukungu. Ndiyo maana jicho huruka kama mara 3 kila sekunde, likimulika pengine.

*Bahari ikipwa, mama hamkosi pweza. Mimi kijana naona mawe matupu. Kwa nini? (Jambiani)*

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Katikati ya ubongo, kila upande, kuna kilima kidogo chenye ramani ya yaliyo mbele yako. Kila kitu unachokiona huamsha seli za mahali pake kwenye ramani hiyo, seli zikashindana, na zilizoshinda ndizo zinazolivuta jicho. Kitu kinaweza kushinda kwa sababu kinameta, kinasogea au hakifanani na jirani zake. Kinaweza pia kushinda kwa sababu wewe unakitafuta: ubongo wa nyuma ya paji la uso na wa chini ya utosi hukiongezea uzito.

Pweza hujigeuza rangi ya jiwe, kwa hivyo kumeta hakumsaidii mama yako. Nadhani hata hamtafuti pweza mwenyewe. Anatafuta shimo, na magamba ya kaa na makombe yaliyotupwa mlangoni mwake. Miaka ya kushuka pwani imevipa vitu hivyo uzito ambao kwako havina bado.

Mrusi Alfred Yarbus, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967, alipima jambo hili kwa mchoro mmoja wa familia. Mtazamaji akiulizwa umri wa watu, macho yalikwenda nyusoni. Akiulizwa hali yao ya maisha, yalikwenda kwenye nguo na samani. Basi mfuate mama, umuulize kila anaposimama: hapa umeona nini?

*Kwenye kioo, nikihamisha macho kutoka jicho moja hadi jengine, siyaoni yakihama. (Chake Chake)*

Jicho likiwa njiani, ubongo hupunguza uoni, na safari yenyewe haifiki sehemu ya kumi ya sekunde. Mwenzako akikutazama atayaona.

*Naendesha vespa. Simu ikiwaka, macho yameshafika kabla sijaamua. (Mwanakwerekwe)*

Nakuamini. Zipo seli ndani kabisa ya ubongo zinazokishika kile kilima kama breki, na huachia pale jicho linaporuhusiwa kuruka. Lakini mwanga wa ghafla una nguvu. Hata mtu mzima mwenye afya, akiambiwa atazame upande usiowaka taa, mara nyengine hukosea. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sekunde 2 za kutazama simu ni mita 22 za barabara ambazo hukuziona. Usitegemee nia. Itie simu chini ya kiti kabla hujawasha.